Mikorosho ya Ruponda na Wosia wa Mzee Mnali

Nilipoajiriwa katika ofisi ya ardhi Nachingwea, mashamba mengi ya vijijini yalikuwa hayajapimwa. Mpaka ulikuwa mti, kichuguu au kijito, na ushahidi wake ulikuwa vinywani mwa majirani. Tena mtu aliweza kumiliki mikorosho bila kumiliki ardhi ilipoota: mkwe au mgeni aliomba ruhusa ya kupanda, akakubaliwa, na miti ikawa yake. Aliyepanda kwa ruhusa alimpelekea mwenye ardhi kikapu cha korosho za kwanza kila msimu. Haikuwa kodi, ilikuwa heshima.

Siku yangu ya kwanza Afisa Ardhi, mtu mrefu asiyeinua sauti, alinionyesha kabati la majalada.

"Kijana, Kilatini chako cha seminari kitakufundisha subira," alisema. "Mengine utajifunza kwa miguu."

Nilijifunza kwa miguu, toka Mtua hadi Kilimarondo. Kazi yangu ikawa kufuatilia koo: nani alimrithi nani, kwa wosia upi, na msimamizi wa mirathi, yaani aliyeteuliwa na mahakama kugawa mali, aligawa nini. Baadaye nilihamishiwa Ruangwa, nikaifanya kazi hiyo hiyo chini ya afisa yule yule, naye akiwa amehamishwa kabla yangu.

Ukoo ninaoukumbuka zaidi, wa siku zangu za Nachingwea, ni wa Mzee Mnali, mfanyabiashara wa ufuta na korosho aliyekuwa na duka Ruangwa. Baada ya kifo chake, mjukuu wake Hamisi, kwa niaba ya wana wa marehemu, alipata mnunuzi wa shamba la Ruponda. Wosia ulisema mikorosho ya Ruponda iwe ya wanawe. Lakini ndani ya shamba hilo aliishi Bi Somoe, mjane mzee, pamoja na mihogo yake na makaburi ya wazazi wake. Shamba likiuzwa, ilimpasa kuhama.

Nilipekua majalada kwa utaratibu. Nikabaini kwamba marehemu alimwoa dada mkubwa wa Bi Somoe, basi huenda alipanda ukweni. Hakuna karatasi iliyosema ardhi ni ya nani. Afisa alisoma taarifa yangu, akavaa viatu vyake vya safari, na tukaenda kwenye baraza la ardhi la kata.

Wosia uliposomwa, Hamisi alimgeukia mjane.

"Bibi, umeusikia. Kuna neno gani limebaki?"

"Nimeusikia, mjukuu wangu. Umesomwa vizuri, hata mimi nimeelewa. Wamesoma mikorosho. Ardhi imesomwa saa ngapi?"

Watu wakacheka.

"Bibi naye! Kwani mikorosho imeota hewani?"

"Imeota kwetu. Babu yako alikuja kuoa, hakuja na udongo kwenye baiskeli."

Afisa akangoja kicheko kiishe.

"Hamisi, babu yako akivuna, kikapu cha kwanza kilikwenda wapi?"

Mnunuzi aliyeketi kando ya Hamisi alimgusa kiwiko. Majirani waliokijua kikapu kile walikwisha kufariki, na Bi Somoe peke yake asingeaminiwa katika shauri lake mwenyewe. Hamisi alitazama viatu vyake.

"Kilikuja hapa," akasema. "Kwa bibi."

"Nani alikileta?"

"Mimi. Nilikuwa nalalamika njia nzima."

"Nami nilikupa uji," alisema Bi Somoe, "ukanywa mabakuli mawili."

Sasa nimestaafu, naishi Nachingwea. Maafisa vijana wanaonitembelea wana ramani nzuri kuliko tulizokuwa nazo, nami nafurahi. Huwaomba tu waende pia mashambani, wawasikilize watu wanaowaandika.

Kuhusu shamba la Ruponda, baraza liliamua kwamba miti ni ya wana wa Mzee Mnali na ardhi ni ya Bi Somoe. Mnunuzi aliondoka siku ile ile. Bi Somoe alibaki Ruponda hadi alipofariki, akazikwa karibu na wazazi wake, na binti yake analima hapo mpaka leo.