Milango ya Kulitazama Jua

Kuna mji mmoja mdogo wa pwani ya Norwei ninaoujua kuliko Tanga nilikozaliwa, na sijawahi kuutia mguu. Niliujenga kwa mikono yangu hapa Al Qusais, Dubai, katika karakana ya modeli za majengo, kwa bodi, gundi na kisu chembamba, kiyoyozi kikinguruma juu ya kichwa changu. Kiyoyozi hicho msikidharau. Kabla yake nilikaa miaka mitatu saiti nikifunga nondo juani, na nililichukia jua kama mtu anavyomchukia jirani mbaya. Arbab, ndivyo tumwitavyo bosi huku, aliponihamishia karakana kwa majaribio aliniambia wazi: modeli hii ikikataliwa, khalas, unarudi kwenye nondo.

Mwenye kazi, yaani mteja aliyeuagiza mji huo, alikuwa Mnorwei mwenye ofisi Dubai Marina, anayepeleka familia za huku kwenye baridi ya kwao kila kiangazi. Alitaka mji aliozaliwa mama yake uwekwe mezani, wateja wauone kabla ya kukata tiketi. Mama mwenyewe, bibi wa miaka themanini na kitu, aliishi naye hapa. Ndiye aliyetuchorea ramani kwa mkono, na akatoa ombi moja tu: mnara wa taa, mwekundu, mdogo kama kidole gumba, auweke yeye siku ya mwisho.

Alikuwa akija na teksi, anaketi kwenye stuli ya plastiki karibu na meza yangu, anasimulia huku nikikata. Mji wao ulianza kwa samaki. Waliwaanika juu ya vichanja vya mbao wakati wa baridi mpaka wakakauka kama kuni, wakawauza nchi za mbali. Nikamweleza papa mkavu wa kwetu, harufu yake inavyomtangulia anayembeba, akacheka mpaka akafuta machozi. Matajiri wa samaki walijenga maghala juu ya nguzo, nguzo zimesimama majini. Kisha moto ukaanzia kwa mwoka mikate ukala nusu ya mji, nao wakajenga tena kwa mbao.

“Kwa mbao tena, madam?” nikauliza.

“Ulitaka tujenge kwa samaki?”

Nilimpenda tangu siku hiyo. Nikajenga kanisa lao jeupe, nikajenga ghala ambalo siku hizi ni makumbusho, na gati wanaposhuka wageni wa meli kubwa kutazama jua lisilotua usiku kucha. Zikabaki nyumba, sitini na zaidi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye ramani kila nyumba ilikuwa na kidoti chekundu, maana yake mlango, na karibu vyote vilikuwa upande wa kusini, linakopiga jua. Nikasema moyoni, bibi wa watu kachanganyikiwa. Nani mwenye akili zake afungue mlango juani? Basi nikamsahihisha. Nikaipeleka milango yote kaskazini, vichochoro nikavibana ili nyumba zitiane kivuli. Mkenya wa meza ya pili akapita, akatazama.

“Buda, hii ni Mombasa umeitia snow!”

Nikaona ana wivu.

Alhamisi yule mama akaja. Akaizunguka meza mara mbili, kisha akaomba tuzime taa. Akawasha tochi ya simu yake, akaishika chini kabisa pembeni ya meza, juu kidogo ya milima yangu ya plasta.

“Hili ndilo jua letu mwishoni mwa Januari,” alisema. “Mlima hulificha wiki nyingi. Siku linapochungulia, shule hufungwa. Watoto hukimbilia kwenye ngazi za nyumba zao wakala mandazi ya jamu, uso umeelekezwa juani. Sasa niambie, watoto wangu watakaa wapi?”

Mwanga ulipiga migongo ya nyumba, kuta tupu. Upande wa milango kulikuwa na giza tupu.

Niliona aibu ambayo sijui hata niieleze vipi. Nikachukua kisu nikaanza kuzing'oa nyumba moja moja. Nilikuwa nimeng'oa kama ishirini arbab alipoingia. Makabidhiano yalikuwa Jumatatu. Akapiga kelele: kosa la nani hili?

Nikainamia nyumba niliyoshika. Niliona nondo, niliona saiti.

“Langu,” yule mama akasema. “Nilimpa ramani nimeigeuza juu chini. Uzee.”

Tukaongezewa wiki. Niligeuza kila nyumba, nikapanua kila kichochoro. Lakini yeye hakuja tena. Mwanawe ndiye aliyekuja kukagua, akanivuta pembeni kwa upole.

“Nisamehe kwa usumbufu. Mama siku hizi anasahau sana. Nimemwambia apumzike, huku asije tena.”

“Hamna neno, sir,” nikajibu.

Ndiyo, nilijibu hivyo. Nikala chakula changu siku hiyo kama nakula mchanga.

Siku ya kukabidhi tuliupeleka mji Marina, tukautua juu ya meza ofisini kwao. Ilibaki tundu moja kwenye mwamba wa mbele. Arbab akamkabidhi mwenye kazi mnara wa taa.

“Nitauweka mwenyewe,” alisema. “Mama asije akauweka pasipo pake.”

Nikatoa ramani mfukoni. Nilikuwa nimeibeba wiki nzima.

“Sir, ramani ilikuwa sawa. Vidoti hivi ni milango, na viko panapotakiwa. Mimi niliviona nikajifanya najua zaidi. Mama yako hajasahau hata mlango mmoja. Alisema vile ili nisifukuzwe.”

Arbab alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. Yule bwana alishika ramani, akalinganisha kidoti na mlango, kidoti na mlango, mtaa hadi mtaa. Kisha akaweka mnara mezani akampigia mama yake simu.

Mama alifika na kopo la mandazi. Mwanawe alimkumbatia, wakazungumza kikwao, sikuelewa neno. Kisha mama akanigeukia mimi, amekunja uso.

“Mjinga wewe. Kazi nilishakuokolea.”

“Asante, madam,” nikamwambia. “Asante sana.”

Arbab hakunirudisha kwenye nondo. Aliniongezea miezi mingine mitatu ya majaribio, na mpaka leo niko pale pale, chini ya kiyoyozi.

Siku ile yule mama alinipa andazi la kwanza, kisha akashika mnara wa taa. Akainama kulitafuta tundu, mwanawe akanyoosha mkono amsaidie, halafu akaurudisha. Mnara ukaingia tunduni, ukakaa upande kidogo. Kila mwaka naenda kuifuta modeli ile vumbi. Mnara bado umelala upande, na hakuna aliyeunyoosha.