Uzito na weight: majina mawili kwenye code yaliyotaka kumpunja mtoto dawa

Wakuu habari zenu, na mnaosoma huu uzi kwenye foleni ya Tabata, poleni. Haya yamenitokea mwenyewe, sina sababu ya kuyapamba.

Mimi ni mwandishi wa programu, mwanamke wa Temeke. Mdomo ninao, na kwenye kazi sibembelezi mtu.

Tulipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa zahanati moja pale Tabata. Mgonjwa anaandikishwa, nesi anampima uzito, kompyuta inakokotoa dozi.

Tulikuwa watatu. Zehra, binti wa Kihindi wa Upanga, aliandika code yake, yale maelekezo ya kompyuta, kwa majina ya Kiswahili kitupu. Gadi, kijana wa Mbeya anayeishi Segerea, kila kitu Kiingereza. Ndiyo, mmesoma sawasawa.

Mfumo ulikuwa unafanya kazi. Ila ukiusoma, kichwa kinauma. Ukurasa huu `jina`, ule `name`. Nikasema mfumo haufunguliwi mpaka tuandike kwa mtindo mmoja.

Gadi akawaka. "Sista, mgonjwa hasomi code! Inafanya kazi, ishu iko wapi?"

"Ishu ni kwamba siku ukiugua wewe, mie siielewi yako."

Daktari mwenye zahanati naye akapiga simu: anazindua Jumatatu, tusipokuwa tayari kazi anawapa wengine.

"Shikamoo daktari," nikamwambia. "Tutachelewa."

Akakata simu. Niliogopa, sitawadanganya, maana kazi ile ndiyo ilikuwa inatuweka mjini. Lakini sikurudi nyuma.

Tukakubaliana Kiswahili (Zehra alichekelea huyo!), tukaanza kubadilisha jina moja moja. Kwenye ukurasa wa nesi, Gadi akageuza `weight` kuwa `uzito`. Kompyuta ikagoma. Jina hilo tayari lilikuwepo.

Nikawaambia wasiguse kitu.

Kumbe Zehra alihifadhi `uzito` siku mgonjwa anapoandikishwa. Gadi alihifadhi `weight` kila nesi anapopima. Na ukurasa wa dozi, wa Zehra, ulikuwa unasoma `uzito`, yaani ule wa siku ya kwanza, hata mtoto akue vipi.

Kwenye majaribio hatukuona kwa sababu wagonjwa wetu wa kubuni tuliwaandikisha na kuwapima siku hiyo hiyo.

Mgonjwa wa kweli alikuwa mmoja tu: binti yake Gadi, ambaye babake alimwandikisha kwa kujaribia mfumo mwanzo wa mradi, akiwa bado anabebwa mgongoni. Siku hizi anakimbia.

Gadi akafungua taarifa za mwanawe, akajaza uzito wake wa sasa, akachagua dawa ya malaria. Ikatoka dozi ya yule mtoto wa mgongoni.

Akaitazama weee.

"Jumatatu ningempeleka zahanati," akasema. "Ana homa tangu jana."

Zehra alilia. Mimi nilishikwa na hasira, kisha nikamshukuru Mungu.

Daktari nilimweleza ukweli wote. Akasubiri tukarekebisha, na mfumo uko kazini mpaka leo.

Somo langu ni hili: code unamwandikia pia mwenzako atakayeisoma kesho. Mkubaliane mtindo mmoja kabla hamjaanza, hata kama hamuupendi.

Timu zenu mnaandikaje? Na nyie wa "ilimradi inafanya kazi", karibuni tubishane. Gadi yumo humu, atawajibu yeye.