Nguo ya Mkia Uwanjani Kakuma

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, mwanangu Salma, nilikuwa nimeushika mkono wa mwalimu wako mbele ya uwanja mzima, na mkono huo ulikuwa na mkasi. Naandika haya ungali darasa la tatu, hasira ikiwa bado ya moto, maana ikipoa nitaanza kusema yalikuwa mambo madogo. Hayakuwa madogo. Mimi si mzee, sina mvi hata moja. Lakini wazee waliopaswa kukwambia haya wamelala makaburini Lodwar, kwa hiyo utakapoweza kuisoma barua hii, kaa chini unisikilize mimi.

Tulikwenda Kakuma kwa sherehe ya shule. Kila shule ilete watoto wake wakiwa wamevaa mavazi ya kwao. Tukapanda lori alfajiri, walimu na wazazi wachache, tukafika na vumbi mpaka kwenye meno. Wenzako walivaa shanga na ngozi wakapendeza. Watoto wa kambini, Wasudani wale, nao walikuja na yao. Wewe ulivaa nguo niliyokushonea mwenyewe: mahameli nyeusi, nakshi ya uzi wa fedha kifuani, mshipi wenye vijikengele, mbele inaishia chini kidogo ya magoti, nyuma inaburuta chini. Ndiyo, mahameli, Kakuma, jua la saa sita. Ulitoka jasho, sikatai. Hata bibi harusi hutoka jasho.

Madam wako alikuwa mgeni, ametoka "Kenya", kama tunavyosema Lodwar, utadhani sisi tuko nchi nyingine. Alikutazama juu chini, akaniita.

"Mama Salma, fundi wako alikuwa amelewa? Mbele fupi, nyuma refu!"

"Fundi ni mimi, madam. Ndivyo inavyoshonwa. Ni nguo ya Kiarabu, ya kwao babu yangu, Hadhramaut kule Yemeni."

"Ya Kiarabu?" Akacheka. "Mimi nimeleta watoto wa Lodwar. Kama huyu ni Mwarabu, aende asimame na wakimbizi pale."

Maneno hayo nimeyazoea. Kila nikisafiri barabara hiyo ya Kakuma, askari wa kizuizi cha barabarani huniomba kadi ya mkimbizi. Mimi humpa kitambulisho, mahali pa kuzaliwa Lodwar, naye hukigeuzageuza kama noti bandia. Basi nikaenda kukutafutia maji ya kunywa.

Niliporudi ulikuwa umesimama wima, machozi yanakutiririka, na madam ameinama nyuma yako anausawazisha mkia ulingane na mbele. Alikuwa ameshakata hadi katikati.

"Namsaidia tu akae smati," akasema.

Hapo ndipo nilipomshika mkono.

"Weka chini mkasi, madam, kabla sijasahau kwamba wewe ni mwalimu."

"Unanitisha mbele ya watoto?"

"Sikutishi, nakwambia. Nguo ya namna hii ilitembea Lodwar kabla wewe hujajua Lodwar iko upande gani."

Na sikumdanganya, mwanangu. Babu yangu alifika Lodwar kijana, akauza tumbaku na shanga, akamwoa bibi yangu Akiru, Mturkana wa hapo hapo. Nikiwa sekondari, likizo moja, nilikaa na bibi kivulini mwa nyumba, akaitoa nguo yake ya mkia sandukuni, akanivalisha. Nikajiona malkia. Akaniambia mumewe alimletea nguo tatu zilizotoka kwa mama mkwe wake. Mbili alizikataa. Hii aliipokea siku hiyo hiyo, kwa sababu ilianguka nyuma kama ngozi aliyovaa mama yake mzazi. Unazijua zile ngozi za wanawake wa Kiturkana: mbele kipande kifupi, nyuma ndefu yenye shanga, mwanamke akitembea unamsikia kabla hujamwona. "Nikiwa ndani yake," akasema, "watu wa mume wangu wananijua, na watu wangu wananijua. Sikuhitaji kubadilisha."

Ngoma ikalia, mstari wa Lodwar ukaanza kusogea. Ulinitazama, kipande kilichokatwa kinaning'inia nyuma.

"Mama, nikishike?"

"Kiache kiburute."

Ukajifuta pua kwa kiganja, ukaingia mwisho wa mstari wa Lodwar, mstari wenu. Na usinielewe vibaya. Kusimama na wakimbizi si aibu. Wale watoto ndio waliokupigia makofi kuliko wote. Aibu ni kufukuzwa kwenu.

Pembeni walikaa kina mama wa Kiturkana waliokuja kutazama. Mmoja akainuka, mtu mzima, shingo imejaa shanga, akasifu kwa Kiturkana, kisha kwa Kiswahili chake: "Ejok! Ejok! Toto ya nani hii? Iko na mkia kama sisi!" Wenzake wakacheka, wakasimama, wakatikisa ngozi zao za nyuma ili zisikike, na wewe ukatikisa vijikengele vyako kuwajibu. Hukufundishwa na mtu. Mimi nililia mbele za watu wala sikujificha.

Basi shika haya. Nguo ya kwenu ivae mchana, penye watu wengi. Akiuliza mtu kwa kutaka kujua, mweleze vizuri, hata mara kumi. Akiuliza kwa kukucheka, mara moja inatosha, kisha pita. Wakikuambia uchague, Mwarabu au wa Lodwar, usichague, maana hakuna aliyemwambia bibi yangu achague. Na nguo ya mwenzako usiyoielewa, usiiguse, uliza. Mungu akupe mgongo ulionyooka, mwanangu, akupe wajukuu wa kuwaburutia mkia huo, na popote utakapokanyaga pakukubali.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee wa maneno laini.

"Mama Salma, si tuyamalize kwa chai?"

"Chai nimekunywa nyumbani, mzee wangu. Pokea barua hii ya malalamiko."

Akataka iandikwe kwa Kiingereza. Nikamwambia nimeiandika kwa Kiswahili ili hata mlinzi wa langoni aielewe. Akaipokea, akaisoma mbele yangu kwa sauti:

"Kwa Kamati ya Shule. Mimi, mzazi wa Salma wa darasa la tatu, nalalamika rasmi. Mwalimu aliikata nguo ya mtoto wangu bila ruhusa na akasema si wa Lodwar. Fidia ya kitambaa sitaki. Nataka mwalimu aombe radhi kwenye gwaride la asubuhi, mbele ya watoto wote, kwa sauti ya kusikika. Nataka iandikwe katika kumbukumbu za shule kwamba hiyo ni nguo ya watu wa hapa. Mkia nitaushona upya mimi mwenyewe, na safari hii nitauongeza urefu."