Karani Aliyechukua Hadithi Bila Kusaini

Amefariki mzee wetu wa vitabu, yule aliyeandika habari za mnyang'anyi wa misalaba ya shaba. Nilipata habari Jumanne asubuhi, hapa Kolwezi sokoni, kwa muuza sabuni aliyeniambia kwa uso wa msiba kamili: "Tata, shujaa yetu amekufa." Nikamuuliza shujaa gani. Akanitazama kama mtu asiye na huruma. Kumbe kwake yeye aliyeandika na aliyeandikwa ni mtu mmoja! Nikadhani ni kosa la muuza sabuni peke yake, mpaka nilipofika kwenye kilio kule mtaa wa Kasulo nikamkuta mhubiri naye amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, anatangaza kwamba marehemu hakuogopa askari wala chifu, kwamba alipora mali ya wakubwa akawagawia maskini, na kwamba mlinzi wa kumzuia hajazaliwa. Watu wakaitikia amina. Mjane aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika, na nilikuwa nimekaa karibu naye vya kutosha kujua kwamba halii.

Maana mumewe tulimjua, yeye na mimi. Alikuwa karani wa ghala la Kampuni ya migodi, mtu wa kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu, na hofu moja kubwa moyoni. Mlinzi wa getini alimsalimu mara mbili kila asubuhi, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa wasiwasi kwamba ile ya kwanza haikusikika. Kabla ya kuvuka reli alisimama akatazama kushoto na kulia, hata katika majuma ambayo treni haikuonekana kabisa. Shujaa wa kitabu chake anauvuka mto Lualaba kwa mruko mmoja huku mabegani amebeba mzigo wa shaba. Mwandishi wake, mfereji wa maji ya mvua mbele ya nyumba yake alikuwa akiuzunguka.

Mcheke, ndiyo, lakini sikilizeni na hili. Miaka ile Kampuni ilipokuwa inakufa, mgodi umeporomoka, mishahara imekatika, siku moja mchana kweupe watu waliingia ghalani wakaanza kubeba. Walinzi walikimbia. Wakubwa walikuwa wamekimbia mapema zaidi. Karani wetu hakukimbia, maana hakuwa na ruhusa ya kutoka kabla ya saa. Alibaki nyuma ya meza yake na kile kitabu cha vikaratasi tunavyoviita bon, ambavyo mtu huandika jina lake anapochukua kitu. Wanaume wawili wakapita mbele yake wamebeba pampu, jasho linawatiririka, naye akawainulia kalamu: "Batata, samahani. Mutie saini hapa kwanza." Na nawaapia, waliitua pampu chini, mmoja akajifuta mikono kwenye suruali akaandika jina lake lote, la ubatizo na la ukoo! Nilipomuuliza baadaye kama alikuwa na akili timamu siku ile, alinijibu bila hata kutabasamu: "Kitu kutoka, si neno. Kitoke bila jina, ile njo bwizi." Naomba muyaweke maneno hayo ya wizi pembeni, maana nitayarudia.

Ghala likabaki tupu, lakini yeye aliendelea kwenda kazini kila siku, na kwa kuwa hapakuwa na chochote cha kutoa, aligeuza vile vikaratasi upande wa nyuma akaanza kuandika riwaya. Hadithi yenyewe hakuitunga. Aliipata kwa jirani yake, mama mmoja mke wa fundi wa reli, aliyekuwa akimenya karanga uani kila alasiri huku anasimulia, na karani ameegemea ua upande wake anasikiliza. Mama huyo watu walimhesabu mtu wa mkoa wa Kasai, ingawa alizaliwa hapa hapa, baba yake aliletwa na Kampuni kabla karani hajaota meno. Alikuwa na desturi moja asiyoivunja hata ukimharakisha. Kabla ya kuanza alitaja kwanza nani alimpa hadithi, na huyo naye alipewa na nani. Hii ya mnyang'anyi alisema aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa bibi mmoja wa hapa aliyewauzia mihogo juma lile la kwanza walipofika.

Katika hadithi yake mnyang'anyi hana jina, anaitwa Mugeni basi. Alikuja mikono mitupu, akaomba moto kijiji hadi kijiji akafukuzwa, mpaka kijiji kimoja kilipompa. Tangu siku hiyo akawa anavizia misafara iliyompelekea chifu kodi ya misalaba ya shaba, fedha ya zamani zile, anaipora, na misalaba inaonekana milangoni kwa watu. Watu wa chifu wakaja kumsaka. Wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta ni wapi kumeandaliwa chakula cha mtu wa ziada, na wakakuta kila nyumba imetenga sahani moja ya bukari, ugali wetu, pembeni. Wamkamate nani? Karani aliipenda sehemu hiyo hata akaniita nije penye ua nisikie mwenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu na msahihishaji wa maandishi kwenye mashine ya kuchapia ya parokia, na ndiyo sababu nimo katika habari hii, ingawa leo ningependa nisiwemo.

Kisha ikaja miaka ya filimbi. Walioimeza wanajua ladha yake, na waliozaliwa baadaye niwaambie kwa kifupi: vijana wenye rungu walipita mitaani wakipuliza filimbi, watu wa asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao, na wengi huko kwao hawakuwa wamewahi kukanyaga. Milango yao ilichorwa chaki. Yule mama na mumewe walitolewa nyumbani na sanduku moja na sufuria, wakaenda kungoja treni stesheni pamoja na maelfu ya wenzao, chini ya maturubai, majuma na majuma. Kutoka kwa karani hadi stesheni ni mwendo wa dakika ishirini, ukitazama kushoto na kulia. Hakwenda hata siku moja. Aliniambia ana homa. Siku iliyofuata akaniambia anangoja hali itulie. Siku ya tatu akanijia nyumbani na shida yake kubwa: riwaya ilikuwa imefika sura ya mwisho, na mwisho wa hadithi mama hakuwa amemsimulia. "Tata mwalimu," akaniambia, "wewe hawakuangalie sana. Enda umuulize inaishiaka namna gani."

Nami nikaenda! Wala sikujiuliza. Nilikwenda stesheni mikono mitupu isipokuwa daftari na penseli, nikapita katikati ya watu wenye njaa nikitafuta mwisho wa hadithi. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake, amekonda, miguu imemvimba. Alipoliona daftari alicheka, kicheko kile kile cha kwenye karanga. "Unakuya na kartasi?" akasema. "Bukari yangu iko wapi?" Nikababaika, nikasema jirani anamsalimu sana. "Anasalimia kupitia wewe? Yeye miguu hana?" Nikasema basi niende nirudi na chakula, akanikataza kwa mkono. "Ikaa. Mi nitakupa mwisho yake, isipotee na mimi. Lakini mutaandika mbele kabisa kama ni mi njo niliwaambia, na mama yangu njo aliniambia. Umesikia? Hadisi haianzake bila jina." Nikaapa. Mumewe alikuwa amelala pale pembeni, anatetemeka kwa malaria, na mimi nikaandika haraka haraka nisije nikaonekana.

Mwisho wenyewe ni huu. Chifu alikasirika kwa kushindwa, akatoa amri kwamba nyumba yoyote itakayotenga sahani ya mtu wa ziada itachomwa. Watu wakaogopa, wakaacha kutenga. Mugeni akaondoka, hakuna aliyemfukuza, aliona tu sahani haipo. Mwaka uliofuata walikuja wenye nguvu kuliko chifu, kijiji kikatawanywa, na kila mtu wa kijiji kile akaenda nchi za watu kuomba moto, yeye sasa ndiye mugeni. Nilimpelekea karani mwisho huo, akausoma, akavua miwani, akaniambia, "Ni mzuri. Lakini kwa wakati huu, hapana." Akaandika wake. Katika wake, shujaa ana jina refu la ukoo, na kwa bahati njema ukoo huo ni wa karani. Sahani zimeondolewa zote. Sura ya mwisho shujaa anawafukuza wageni walioila nchi, anakalia kiti cha chifu, na ngoma zinapigwa. Ukurasa wa mbele palikuwa na dibaji inayosema kwamba hadithi hii ilichotwa kwa wazee wa asili wa nchi hii. Dibaji niliiandika mimi.

Tangu hapo jambo hilo limekuwa mtindo. Siku hizi kila mwenye kalamu anamfufua jambazi wa babu zetu, na majambazi wenyewe wanafanana kama sare za shule: wana meno meupe, wanasema kama maaskofu, na wote, ajabu ya Mungu, walizaliwa kijiji kimoja na mwandishi. Ujasiri wao unazidi kadiri waandishi wao wanavyopata viti vizuri maofisini. Kila mwaka naalikwa kuzindua mmoja. Mwandishi wa juzi alipora misafara mitano katika sura moja, kisha akasimamisha hotuba yake katikati amngojee mheshimiwa diwani aliyechelewa. Kumwandika jambazi ni kazi nyepesi, nami nawaambia kwa sababu nimekula mkate wake. Jambazi alishakufa zamani, haji kukugongea mlango na miguu iliyovimba. Anayegonga ni jirani, na kwa jirani hakuna sura ya kumruka askari, kuna kufungua au kutofungua.

Sasa nirudi kilioni. Nilikuwa nimepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu, karatasi ninayo mfukoni. Kabla sijaitwa, mwanamke mmoja mwenye mvi chache alinijia, akajitambulisha kuwa binti wa yule mama. Yeye ni mwalimu huko Kasai, na alikuja na treni, safari ya siku kadhaa, kwa shughuli zake, msiba akausikia njiani. Mamake alifika hai, akaishi miaka michache. Kila aliyetoka Kolwezi, mama alimuuliza kama kitabu kimetoka. Kilipowafikia alikuwa hasomi tena kwa macho, akamwambia binti amsomee ukurasa wa kwanza. Binti akasoma. "Akaniambia, soma tena, labda umeruka," alinisimulia bila kupandisha sauti. "Nikasoma tena. Akaniambia, geuza nyuma, pengine waliweka mwisho. Nikageuza mpaka kwenye jalada, tata mwalimu." Kisha akaniomba kitu kimoja tu: nikisoma maisha ya marehemu, nitaje jina la mama yake kama mtu aliyempa ile hadithi. Aliniomba kwa adabu ambayo sikustahili.

Nikaitwa. Mbele yangu palikaa ukoo mzima, chifu wa mtaa, na wachapishaji na kitambaa chao chenye picha ya jalada. Nyuma yao, pale uani yule mama alipokuwa akimenya karanga, kuna shimo la kuchimbia kobalti lililofunikwa turubai, waliochukua nyumba walichimba mpaka chini ya jiko. Nilifika penye mstari wa kitabu, nikamwona binti amesimama kati ya akina mama wapishi ananitazama. Nikasoma, "hadithi aliyoichota kwa wazee wetu wa asili." Nikaendelea na tarehe ya ndoa. Watu wakaniambia nimesoma vizuri. Nina miaka sabini, jamani, hakuna filimbi inayolia, hakuna aliyenishikia rungu, na bado niliogopa! Nilimcheka karani maisha yangu yote, kumbe kalamu zake mbili moja ilikuwa mfukoni mwangu.

Wakati wa chakula binti alisaidia kugawa kama mtu wa nyumbani. Akaniwekea sahani ya bukari na samaki, kisha akaweka nyingine kando yangu, mbele ya kiti kisicho na mtu. Nikamuuliza ni ya nani. "Ya Mama," akasema, akaenda kuwahudumia wengine. Sikuweza kula. Sahani ile ilipoa pale mpaka watu wakaanza kukunja viti.

Ninyi mnaonisoma mnajua kwamba safu hii ya gazeti haitaji jina la mtu, na kwa miaka yote nimejisifu kwamba huo ni ungwana. Marehemu ningemwacha bila jina leo kama kawaida, na mimi vilevile, hatuna tunachodai. Lakini kitu kilitoka kwa watu wakati mikono yangu ipo, kikatoka bila jina, na karani mwenyewe alishanifundisha hilo linaitwaje. Kwa hiyo chukueni kitabu chake, mnacho wengi, fungueni ukurasa wa mbele, futeni dibaji yangu kwa kalamu mliyonayo, ya buluu au nyekundu, muandike hivi: Hadithi hii tumeipata kwa Mama Ngalula wa Kolwezi, aliyeipata kwa mama yake, aliyeipata kwa bibi wa hapa aliyewauzia mihogo. Sasa inaweza kuanza.