Mkia wa Ndege ya Mwakio

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikiwa naoga, nikabaki nimesimama natazama ukuta.

Unanijua. Sikupita darasa la nne. Nilianza kijana mdogo pale Miasenyi, nabandika stika kwenye malori yanayolala kando ya barabara, na leo nina duka Voi na mashine ya kukatia stika, na wenye diploma wananiita bosi. Sijapenda kufundishwa na mtu. Nilikuwa najisifia hilo.

Sasa, kule Wusi kuna mzee anaitwa Mwakio, baharia mstaafu. Akiwa kazini aliwahi kuona kwa mbali manowari ya Warusi, ndege za kivita zinaruka kutoka mgongoni mwake, na zile ndege hazikumtoka kichwani tena. Tangu arudi nyumbani anaziunda kwa plastiki, ndogo za kukaa kiganjani. Mabawa yanajikunja, na chini ya mkia kuna kulabu ya kunasa kamba wakati wa kutua melini.

Mwaka jana mikono yake ikaanza kutetemeka. Alikuwa na ndege moja haijaisha, ameshaipaka bluu na kijivu wakati mkono bado unamtii. Zilibaki stika tu: nyota nyekundu za mkiani, namba ya puani, bendera ya jeshi lao la majini. Akaniita. Aliniambia wazi kwamba hii ndiyo ya mwisho, na stika zile haziuzwi tena.

Si kama zetu hizi. Hazibanduliwi. Unakata, unatia kwenye maji ya vuguvugu, unangoja utando wenye picha uachie karatasi wenyewe, ndipo unausukuma kwa brashi taratibu mpaka mahali pake. Alinieleza yote. Mimi nilikuwa naitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka, huku naangalia simu.

Akaenda mlangoni kusalimiana na jirani. Basi, sisi watu wa malori hatubandiki kitu kabla ya kufuta na tina, ile dawa ya kutoa grisi. Nilikuwa nimekuja nayo. Nikafuta mkia. Rangi ikaja yote na kitambaa, plastiki ikakunjamana kama utando wa maziwa. Nikaingiwa na hofu. Nikaona nipafunike upesi kwa nyota. Nikaitumbukiza majini, sikungoja, nikaivuta kwa ukucha. Ikapasuka katikati.

Aliporudi sikusema nimeharibu. Nilisema, "Kaka, hizi stika walikuuzia feki."

Akanusa hewa. Akakaa, mikono inacheza juu ya meza.

"Mwadime," akasema, "nilikuomba mkono. Ujuzi ninao mimi."

Hakupaza sauti. Heri angenitukana.

Mkewe akaleta chai, jirani naye akaingia, akaiona ndege, akauliza mkia umepatwa na nini. Nikajua sasa naumbuliwa. Mwakio akamjibu, "Ilitua vibaya melini." Jirani akacheka sana. Na mimi, mzee mzima, nikanywa chai yangu, nikamwacha mtu niliyemharibia kazi yake ya mwisho anifichie aibu. Nikashuka hadi Voi sijaomba hata msamaha.

Wiki iliyofuata nilirudi. Nikasema mbele ya mkewe: ni tina, na ni mimi, na stika hazikuwa feki. Mwakio akasema alijua tangu mlangoni siku ile, kwa harufu. Kisha akanisogezea bakuli la maji na ile bendera, maana ilikuwa imebaki nzima. "Ngoja mpaka niseme," akaniambia. Nikangoja. Ikakaa vizuri. Lakini ule mkia hautengenezeki, na kila nikienda Wusi naketi mahali ninapouona.

Mwanangu, mtu akikuomba msaada, muulize anautaka vipi, kisha fanya hivyo hivyo hata kama kazi yako wewe unaijua kuliko mji mzima. Simu weka mfukoni. Na ukiharibu, sema wewe mwenyewe, siku ile ile, kabla mwenzako hajalazimika kusema uongo kwa ajili yako. Mimi nilichelewa wiki nzima, na wiki ile siwezi kuirudisha.

Mungu akubariki mikono yako, na akupe subira ya kusikiliza ungali kijana.