Inkeri Tatu za Bibi

Harufu ya mikeka ya matete iliyoloweshwa maji bado naikumbuka. Kila mchana Mama aliisimamisha nyuma ya nyumba yetu ya Mulongwe ili jua la Uvira lisiichome mimea yake mitatu ya inkeri, yale matunda meusi ya milimani. Mimea hiyo haikuwa na miiba. Rafiki yake wa Bukavu alimtumia vipande vya shina vimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Bibi, mama yake Mama, mwenye makovu mikononi ya kuchuma inkeri za porini kabla vita havijatushusha kutoka milimani, aliicheka. "Inkeri bila miiba? Hiyo ni mbwa bila meno."

Mwaka wa pili mimea ilichanua, na Bibi akaugua, akaacha kula. Uji aliugeuzia uso, hata ndagala, dagaa wa ziwani. Alitaka inkeri tu. Mama alichota maji mtoni asubuhi na jioni, mboga zetu zikanyauka kwa ajili ya mimea ile. Hata hivyo joto lilikausha matunda karibu yote yakiwa bado machanga. Yakabaki matatu, yakawa mekundu, kisha meusi. "Kesho yatalainika," Mama alisema. Subira huvuta heri, lakini nilikuwa na miaka tisa, na jana yake tulilala bila kula. Asubuhi nilikwenda kuyatazama tu. Nikaonja moja. Sijui mawili mengine yalifikaje kinywani.

Mama alikuja na sahani, akatazama shina, kisha midomo yangu.

"Iko wapi?"

"Minye nilikula, Mama."

Nilingoja kipigo. Yeye akaketi topeni, sahani mapajani, akalia bila sauti. Hata siku tulipokimbia vita hakulia. Kisha akanishika mkono hadi kitandani kwa Bibi. "Mwambie weye mwenyewe."

Nilimwambia. Bibi alinivuta karibu, akanusa kinywa changu kwa muda mrefu.

"Zilikuwa tamu?"

"Ndiyo, Bibi."

Akafumba macho. Siku ya tatu tulimzika.

Sasa ninaishi Rugenge, papa hapa Uvira, na inkeri zangu zisizo na miiba huzaa chini ya kivuli kizuri. Wanangu huchuma bila kuomba, nami siwakatazi. Kila msimu Mama hupita kututembelea. Nikimwekea bakuli la inkeri, husema ameshiba.