Shangazi Asiyekuwa Mgeni wa Mtu

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kila mwaka, msimu wa sare za shule ukiisha, hufunga kibanda chake na kupanda basi kwenda mahali ambapo hana shughuli yoyote. Hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna mgonjwa. Jambo hili limeukaba ukoo mzima kooni, kwa sababu kwetu mtu hasafiri hivihivi. Mtu husafiri kwenda kwa mtu.

"Unaenda kwa nani?" baba yangu humwuliza.

"Kwa dereva. Akifika, nami nimefika."

Na hulala hosteli. Chumba cha vitanda vya ghorofa, kabati la bati lenye kufuli, bafu liko mwisho wa korido na foleni yake. Wenzake chumbani ni wasichana wa rika langu, wenye mabegi ya mgongoni yanayowazidi kimo. Yeye huomba kitanda cha chini kwa sababu ya magoti, hutundika pazia alilojishonea, lenye mfuko wa miwani na mfuko wa simu, kisha hujifungia ndani kama waziri aliyekataa kuonana na wananchi.

Sababu yake ni moja. Kwa ndugu, fundi huwa mgeni siku ya kwanza tu. Siku ya pili, chai haijapoa, inaletwa suruali. "Shangazi, ni kupunguza kidogo tu hapa chini." Nyuma ya suruali kuna shuka, nyuma ya shuka kuna gauni linalombana mwenyewe tangu aolewe. Aliwahi kwenda kupumzika kwa binamu yake, akarudi na vidole vimejaa matundu ya sindano.

Mwaka huu akachagua mji anakoishi kaka yake mkubwa. Nikamwambia anajitafutia balaa. Akanijibu kwamba mji ule ni mkubwa, una mitaa ya maduka ya vitambaa ambayo hajawahi kuitembea bila kuagizwa kitu, na kwamba mtu aliyeiachia stashahada njiani kama mimi asimfundishe mwenzake habari za kufika.

Nikambebea begi mpaka stendi.

Akafika salama, akalala vizuri, na asubuhi akapiga picha: miguu yake kitandani, kikombe cha chai, na ukutani jina la hosteli kwa herufi kubwa kama bango la kampeni. Akaiweka kwenye status. Kaka zake wote alikuwa amewafungia wasione, mmoja mmoja, kwa utulivu wa mtu anayetunga uzi sindanoni. Ila wifi yake, mke wa huyo kaka mkubwa, alikuwa amebadilisha namba majuzi. Namba mpya Shangazi aliihifadhi, kuifungia akasahau.

Kabla ya mchana dada wa mapokezi akagonga mlango. "Mama, una mgeni. Nimemwambia asubiri, amekataa."

Wifi mwenyewe alikuwa ameshaingia.

"Ehe! Kwani mimi nimekufa?"

"Ungekufa, wifi, ningeambiwa."

"Usinichekeshe! Una kaka mji huu, halafu unalala kwa kulipia kama mtu aliyeokotwa! Funga begi, twende. Na wala hutachoka kukaa, wajukuu wana suruali zao, nimeshakuwekea kwenye kiti."

Shangazi alijua hapo ndipo pabaya. Akienda, kaka zake watakaa kikao, na kuanzia siku hiyo kila safari itakuwa na mwenyeji na rundo la nguo. Akikataa, atakuwa amegombana na wifi, na kesi ya mawifi haina hakimu.

"Kaa kwanza unywe chai," akasema. "Vua viatu, hapa hawapandi navyo kitandani."

Aliporudi na vikombe akamkuta wifi amejinyoosha kitandani, anatazama mbao za kitanda cha juu.

"Mbona kimya hivi? Hakuna anayeita?"

"Akuite nani? Nani anakujua hapa?"

Wifi akatafakari. Nyumbani kwake huitwa tangu alfajiri: Bibi soksi, Bibi chumvi, Mama Nanihii rimoti.

"Na anayepika nani?"

"Kila mtu chake."

"Vyombo?"

"Kila mtu vyake."

"Hata wanaume?"

"Yupo mmoja jikoni sasa hivi, ana ndevu mpaka hapa, anasugua sufuria."

Wifi akainuka pekupeku kwenda kuchungulia. Akarudi. Akalala tena, akavuta pazia, na punde ukasikika mkoromo.

Jioni simu ikaita. Ni mumewe. Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Ndiyo, nimempata. Hapana, hawezi kuja. Tumbo! Simwachi peke yake, nitalala hapahapa. Soksi zitafute, una macho." Akakata. "Wifi, hapo juu kuna mtu?"

"Hakuna, lakini mimi magoti—"

"Panda polepole. Mimi nimeshalala."

Shangazi akapanda, huku akiyaombea magoti yake. Kesho yake wifi hakuondoka. Aliondoka keshokutwa yake, tena baada ya kumwambia Shangazi kwamba nguo za wajukuu atazipeleka kwa fundi wa mtaani kwake, naye aendelee na mitaa yake ya vitambaa.

Kikao cha kaka zake kilikaa vilevile. Baba Mkubwa akaanza kwa kukohoa, akasema dada yao anawaaibisha, sasa basi, akisafiri afikie kwa ndugu. Mkewe akaweka trei mezani.

"Mimi nimepaona anapolala," akasema. "Wanaume wa kule wanasugua sufuria wenyewe bila kusukumwa. Mnataka aje kwenu aone nini?"

Baba yangu akaomba sukari. Mama Mkubwa akamwonyesha kabati lilipo.